Daktari Aliyechota Maji Sakafuni

Ukimwona Daktari anavua koti mchana kweupe, ujue kuna mtu amekufa. Hospitali nzima ilijua hivyo, kuanzia mlinzi wa getini mpaka mama wa kufua mashuka. Madaktari wengine walitoa habari za kifo wakiwa wamesimama mlangoni, koti limefungwa vifungo vyote, mguu mmoja tayari umeelekea kwingine. Yeye alivua koti lake jeupe, akalikunja mara mbili, akanipa mimi nilishike, kisha akaenda kuketi kwenye benchi la mbao nje ya wodi ya akina mama, katikati ya jamaa wenyewe. Hakuketi pembeni. Walimsogezea nafasi, akabanana nao. Kwanza aliuliza nani ni nani, wakajitaja mmoja mmoja, mume, shangazi, jirani aliyesindikiza. Ndipo alipowaambia.

Na alitumia neno lenyewe. Siku moja daktari kijana alisema mbele yake, "Pole sana, tumempoteza." Daktari akamvuta kando.

"Umempoteza wapi? Hii ni hospitali, si Matiliku siku ya soko. Mtu hapotei hapa. Amekufa. Sema amekufa, halafu ukae."

Hakuondoka benchini kabla ya kuwapa kitu kingine. Kwetu Ukambani, mtu akifa mbali na nyumbani, swali ambalo wazee hawakosi kuliuliza ni hili: aliacha neno? Daktari alilijua swali hilo, na alikuwa na jibu tayari kabla halijaulizwa. Alitukataza kumwacha mgonjwa mahututi peke yake, na sababu haikuwa dawa tu. Alitaka awepo mtu wa kusikia. "Aliomba maji, tukampa." "Aliuliza kama mbuzi wamerudi." Mzee mmoja wa upande wa Mwingi alikata roho akimtukana shemeji yake, matusi mazito ambayo siwezi kuyaandika hapa, na Daktari alipofika benchini alisema kwa uso mkavu, "Alimtaja shemeji yake." Shemeji akalia mpaka akashikiliwa. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akipunguza neno.

Mimi nilikuwa muuguzi wake wa chumba cha upasuaji kwa miaka kumi na moja. Nyumbani kwangu ni Matinyani, na mdomo wangu ni mrefu. Huo mdomo una sehemu yake katika habari hii, na sitauficha.

Alikuwa na mikono mikubwa ya mkulima. Ukimkuta sokoni ungedhani anauza ndizi. Lakini akishika kisu cha upasuaji, au chungwa, mikono ile ilibadilika tabia. Msimu wa machungwa alikuja na gunia zima kutoka kwao Makueni, akawagawia wafagiaji kwanza, kisha wapishi, sisi tukawa wa mwisho. Lake mwenyewe alilimenya bila kukata ganda, likatoka uzi mmoja mrefu, akautundika kwenye kitasa cha dirisha. Kila Ijumaa mama mmoja wa usafi alikusanya maganda makavu yaliyoning'inia pale na kupeleka nyumbani kuwashia moto.

Chakula chake kilikuwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ndani ya kopo lililowahi kuwa la mafuta ya kupikia. Alikula amesimama. Ukimwambia aketi alisema akiketi ataitwa. Kanisani pia alikaa benchi la mwisho karibu na mlango kwa sababu hiyo hiyo. Jumapili moja mchungaji alimshtukiza akamwita mbele atoe ushuhuda wa yale Mungu amemtendea kazini. Watu wakapiga makofi. Daktari akapanda, akashika kipaza sauti, akasema, "Bwana asifiwe. Mimi sina ushuhuda, nina wagonjwa." Akashuka, akatoka nje. Mchungaji hakumwita tena, na nadhani wote wawili walifurahi.

Alikuwa mkali. Jamaa waliochelewa kumleta mgonjwa aliwauliza, "Mlikuwa mnangoja nini, mvua?" Wakati huohuo yeye alikohoa miezi miwili bila kumwona daktari yeyote. Mama yangu alipougua yeye alinirudisha nyumbani kwa nguvu, akaniambia nisirudi kabla ya wiki kwisha. Fomu zake za likizo zilijaa kwenye droo, zimejazwa jina tu. Nilimwambia mganga hajigangi. Akanijibu, "Sista, wewe ukiwa na fundi mmoja wa viatu kijiji kizima, utamwuliza kwa nini chake kimetoboka?" Nilicheka siku ile. Sasa hivi nikikumbuka sicheki.

Kisha akaacha kuvua koti.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua za Novemba. Mama mmoja alifika kutoka Tseikuru, mbali kule kaskazini kwa wafugaji, mimba ya pili, mtoto amekaa vibaya. Alikuja na mama yake mzazi, mwanamke mwembamba ambaye wote wodini walimwita Susu, maana ndivyo tunavyomwita nyanya. Daktari alikuwa anampasua mwingine. Alichungulia mlangoni, akamwangalia yule wa Tseikuru, akasema, "Nipeni dakika chache, nimalize hapa." Mgonjwa hakuonekana vibaya. Hata mimi, ningeulizwa, ningesema anaweza kungoja.

Zamu yake ilipofika alichomwa sindano ya mgongo, ile inayotia ganzi chini na kumwacha mtu macho. Mtoto akatoka, msichana, analia vizuri. Halafu damu ikaanza kuja na haikutaka kukoma. Nilitumwa kufuata damu ya kumwongezea. Nilikimbia kweli, na umri huu wangu na viatu vile. Niliporudi, Daktari alikuwa bado anafanya kazi, lakini mtaalamu wa ganzi aliniangalia akatikisa kichwa.

Tulimsafisha. Daktari akavua glavu. Nikanyoosha mikono kupokea koti, kwa mazoea, kama kila mara. Alilichukua msumarini, akalivaa, akafunga kifungo cha kwanza, cha pili, vyote mpaka cha shingoni. Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma, ule wa kupitishia mashuka machafu.

Nikabaki na mikono yangu imenyooshwa. Susu alikuwa benchini. Hakuna mwingine, nikaenda mimi.

Nilisimama. Nilisema, "Pole sana Susu, tumempoteza." Maneno yaleyale. Hakulia. Akauliza, "Aliacha neno?"

"Hapana, Susu. Hakuna neno."

Nilijibu haraka, kwa ile sauti yetu ya kujua kila kitu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, mama yangu alinifundisha hivyo nikiwa mdogo, na sikuwahi kuelewa mpaka baadaye.

Siku ya kuondoka na mtoto, kadi ya kliniki ilihitaji jina. Baba wa mtoto alikuwa kazi za mbali, na mazishi yenyewe aliyafikia kwa shida. Susu akasema, "Weka la kanisani tu. La nyumbani, mama yake ndiye angelitoa." Nikamwuliza kwa nini yeye asitoe. Akasema, "Zamu ni ya kwangu. Msichana wa kwanza alipewa jina la mama wa baba. Huyu wa pili angekuwa mimi. Lakini mtu hajipachiki kwa mtoto mwenyewe." Nikaandika Mercy. Palipobaki wazi nikapiga mstari.

Tangu siku hiyo, mtu akifa, Daktari alimtuma yule daktari kijana, au mimi. Upasuaji alifanya vilevile. Lakini njia ya kupita mbele ya lile benchi aliiacha kabisa. Akitaka kwenda maabara, alizunguka jengo zima juani. Tulidhani ni uzee. Tulidhani ni kisukari. Tulidhani mengi, na kwa ujasiri wa kawaida wa wauguzi tuliyasema yote.

Mwaka uliofuata ikaletwa miwani.

Lilikuja shirika moja na masanduku mawili na mwanasaikolojia kijana aliyeitwa Mwende, msichana wetu wa Makueni aliyesomea Nairobi. Mpango ulikuwa wa kuwasaidia madaktari waliochoka. Madaktari, si wauguzi. Sisi inaonekana hatuna nafsi za kuchoka. Unavaa miwani mikubwa ya plastiki inayofunika macho yote, na unajikuta mahali pengine, msituni, mlimani, kando ya mto, ukigeuza kichwa napo panageuka. Mwende alitueleza kuwa lengo si kustarehe. Lengo ni akili inyumbuke, iweze kubeba jambo zito na bado iende inakotaka kwenda. Daktari alikuwa amesimama nyuma na kopo lake la muthokoi.

"Mgongo wangu wenyewe haunyumbuki," akasema. "Sembuse akili."

Jina lake kwenye orodha niliandika mimi. Nilighushi hata sahihi. Aliponiuliza nilimwambia ukweli, akaguna, akaenda.

Kikao chake cha tatu kilikuwa saa tano asubuhi, katika stoo ya zamani ya magodoro waliyoisafisha. Mgonjwa aliingia na ikabidi nimwite. Nilifungua mlango bila kubisha. Daktari alikuwa amepiga magoti juu ya vigae, miwani usoni, anachota. Mikono yote miwili imekunjwa bakuli, anachota hewa sakafuni na kujimwagia kifuani, anachota tena, kwa haraka, anahema. Mwende alikuwa amesimama kando ameshika kishikwambi chake, hajui aguse wapi.

"Daktari, ni majani. Weka tu hiyo thought iliyo akilini kwa jani, iende," alikuwa anasema.

"Maji yanaenda!" Daktari alipaza sauti. "Yanaenda hivi hivi!"

Nilifunga mlango. Nikaenda chumba cha chai na kucheka mpaka nikashika meza. Na niliwaeleza wenzangu, kwa vitendo, nikapiga magoti mimi mwenyewe katikati ya viti. Uelewe, hapa kwetu mto ni mchanga. Maji tunayachimbua. Mkamba akiuona mto unapita umejaa, na hana mtungi, lazima ataingia na mikono. Tulisema Daktari ametuwakilisha. Hospitali ilicheka wiki nzima, na wafagiaji wakawa wakimwona wanaulizana kama mtungi umejaa. Aliyeanzisha yote ni mimi.

Akaja kunikuta nikipanga vyombo vya kuchemshwa.

"Sista, nasikia nilichota maji."

"Daktari, tulikuwa tunacheka tu."

"Haujadanganya. Nilichota. Lakini haukuuliza nilikuwa nachota nini."

Nikaacha vyombo. Alitazama mkono wake alipokuwa anasema, kama mtu anayesoma kitu kiganjani.

"Ile sauti ya ndani ya miwani inakuambia kila kitu unachofikiria uweke kwa jani, jani liende na maji. Nikaweka. Kelele za ofisi, nikaweka, ikaenda. Dawa hazijafika, nikaweka. Kikohozi changu, nikaweka. Nikaona hii kitu ni rahisi. Halafu ikakuja ile ya Tseikuru, na kabla nijue, jani imeshaishika, inaenda. Sista, hiyo haikuwa yangu ya kuachilia. Nilikuwa nimetumwa nayo."

"Umetumwa na nani?"

Akanieleza. Nilipokuwa nakimbilia damu, yule mama alimwita kwa Kikamba. Mtaalamu wa ganzi ni mtu wa Kisumu, hakusikia maana. Mama alikuwa tayari amemwona mtoto. Alisema, "Mwambie mama, huyu ni yeye." Yaani mtoto apewe jina la Susu, awe Susu mdogo.

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nilimwambia mimi si wa kupeleka barua. Nilimwambia, utamwambia mwenyewe. Nilikuwa namtia moyo. Nilisema nikicheka. Na hakuna kitu ingine alisikia kwa hii dunia baada ya hapo. Sasa nikae kwa ile benchi nimwambie nini mama yake? Nimpe neno nusu? Siwezi kumpa la mtoto nimfiche langu."

Nilikasirika. Sijawahi kumkasirikia mtu mkubwa hivyo. Nilitupa koleo kwenye sinia likaruka mpaka ukutani.

"Nilimwambia hakuna neno! Kwa huu mdomo wangu, Daktari! Aliniuliza na nikamwambia hapana!"

"Najua," akasema. "Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilikusikia."

Na hakutoka. Hilo ndilo lililonikaa kooni. Alisimama na mashuka machafu, akasikia nikimwambia mama wa watu hakuna neno, na neno alikuwa nalo yeye, akaliacha lipite. Nililia pale pale mbele yake, kwa hasira na kwa aibu, maana nilikuwa nimempigia magoti ya mzaha mbele ya watu na yeye alikuwa anamchotea marehemu jina la mtoto wake.

Alirudi kwa Mwende. Yule msichana nilimdharau mwanzoni, na nilikosea. Alipoambiwa habari ya mto hakuitetea mitambo yake. Alinieleza baadaye alichomwambia: "Sikusema uitupe, Daktari. Shida si hiyo thought. Shida ni vile imekuwa ikikuchagulia mlango wa kupitia." Kisha akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi zake. Alikuja na kamera ya mviringo, akapiga picha korido yetu, mchana, pamoja na lile benchi likiwa tupu, akaiweka ndani ya miwani. Mto akauondoa.

Wiki baada ya wiki Daktari alivaa miwani katika stoo ya magodoro na kulitazama benchi lililokuwa hatua chache tu kutoka hapo. Mara ya kwanza alivumilia kidogo akaivua. Baadaye akaweza kulikaribia. Siku moja Mwende alitoka akaniambia, "Leo amevua koti." Hakuwa na mtu wa kumpa. Alilikunja akalishika mwenyewe mkononi, amesimama mbele ya benchi lisilo na mtu. Kusema, hakusema.

Nilidhani siku yoyote atasema. Badala yake aliandika barua ya kustaafu mapema. Siku ya kuaga aligawa machungwa, wafagiaji kwanza. Koti lake akaondoka nalo, na nikamwona akizunguka jengo juani kwenda kwenye gari lake, asipite mbele ya benchi. Nilimwambia Mwende kwamba mzee ametoka tena kwa mlango wa nyuma.

Mimi nami sikwenda Tseikuru. Usinidhanie mwema. Kadi nilijua ilipo, kijiji kiliandikwa, neno nilishalisikia. Nilijiambia si langu la kupeleka, alitumwa yeye. Nililala na hilo miezi kadhaa, na usingizi ulikuwa mbaya.

Wiki tatu zilizopita simu ililia nikiwa shambani.

"Sista. Jumamosi uko na nafasi?"

"Nafasi ya nini, Daktari?"

"Nataka mtu wa kunishikia koti."

Alitoka kwake Matiliku gizani, akanipitia Matinyani nikiwa nimeshavaa. Alikuwa amekonda. Nywele zote zimekuwa nyeupe, na kikohozi hakikuwapo. Njia nzima tulizungumza habari za machungwa, kwamba mwaka huu wadudu wameyaharibu, kwamba anajaribu kuchovya majani ya mwarobaini. Tulipofika Tseikuru, kabla hatujashuka, alichukua koti kiti cha nyuma akalivaa. Akafunga vifungo, kimoja kimoja, mpaka shingoni. Joto lile! Mbuzi wenyewe walikuwa wamejificha.

Bomani tulimkuta msichana wa miaka kama saba anapeta mtama. Huyu alikuwa ndiye mtoto wa kwanza wa marehemu. Akatuambia Susu yuko mtoni.

Mto ulikuwa mchanga mtupu, mpana, mweupe. Katikati palikuwa na shimo la kina cha kiuno, na ndani yake Susu, ameinama, anachota kwa kikombe cha bati. Maji ya shimo hayana haraka. Unachota vikombe vitatu, unangoja yajikusanye, unachota tena. Mtoto alikuwa amekaa ukingoni mwa shimo, anajaza mchanga ndani ya kifuniko cha mtungi na kuumwaga. Ndiye yule Mercy, mimi ndiye niliyemfunga nepi yake ya kwanza.

Daktari alisimama. Nikasikia anavyopumua. Kisha akafungua vifungo, akavua koti, akalikunja mara mbili, akanipa.

Alisalimia kwa Kikamba, Susu akaitikia bila kutujua. Akamwomba atoke ampokee kazi. Wazee wa kike huku hawakatai msaada wa mwanamume kisimani, wanajua si wengi watakaotokea. Susu akatoka, akaketi mchangani. Daktari akaingia na suruali yake nzuri, akachukua kikombe. Alichota kidogo. Kisha akamtazama mtoto, akauliza lile swali lake la benchini.

"Huyu ni wa nani?"

"Wa binti yangu," Susu akasema. "Amekufa, akamwacha huyu."

"Mimi ndiye daktari," akasema. "Alikufa mikononi mwangu. Nilimwambia angoje dakika chache, akangoja. Na aliacha neno, mama. Alisema nikwambie, huyu ni wewe."

Susu hakusogea.

"Na mimi nilimwambia siwezi kupeleka. Nilimwambia atakwambia mwenyewe. Nilicheka. Hilo ndilo alilosikia mwisho. Halafu nilipaswa kuja kwako benchini, nikapita nyuma."

Hakuongeza wala hakupunguza. Alibaki ameshika kikombe ndani ya shimo, maji yakajikusanya miguuni mwake na hakuyaona. Nilitaka Susu apige kelele. Nilitaka amtupie mchanga. Alifanya jambo ambalo sikulitarajia, akanigeukia mimi.

"Wewe uliniambia hakuna neno."

"Ndiyo, Susu. Sikujua."

"Kama hukujua," akasema polepole, "ungesema hujui."

Nimehudhuria vifo vingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na ndugu wengi nimewajibu kwa sauti ile. Nilisimama pale na koti la mtu mkononi, na nikawa nawakumbuka, mmoja baada ya mwingine.

Susu akamtazama mtoto. Midomo yake ilijaribu kitu bila sauti, mara mbili, ndipo akalitaja jina lake mwenyewe.

"Nduku."

Mtoto hakugeuka. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Alimwaga mchanga wake, akaanza kujaza tena.

"Nduku," Susu akarudia, na sauti ikakatika katikati, akaitafuta, akaipata. "We Nduku. Njoo."

Safari hii mtoto aliinua kichwa, akaangalia nyuma yake kuona nani anaitwa. Hakukuwa na mtu. Akamwangalia nyanya yake, akainuka, akaenda, na kifuniko chake mkononi.

Susu akampakata, akamfuta mchanga mashavuni kwa ncha ya leso, kwanza upande mmoja, kisha mwingine. Alilia wakati huo, bila kujificha. Daktari naye alikuwa analia, anajifuta kwa mkono wa matope, uso wote umechafuka. Hakuna aliyemwambia pole wala asante. Nilidhani tumemaliza, nikasogea ukingoni nimpe mkono apande.

Susu akaunyoosha mguu wake, akausukuma mtungi wa plastiki mpaka ukingoni mwa shimo.

"Chota," akamwambia. "Haujajaa."

Akainama, akachota.